Ulimi wa Philister Mjini Perugia

Perugia, Italia
Ijumaa, 14 Novemba

Phili,

Nimefika. Ndege ilitua Roma jana asubuhi, nikapanda basi hadi hapa, na sanduku la chokoleti limefika bila kipande kuvunjika. Nimelifungua mara mbili kuhakikisha.

Najua simu ingekuwa rahisi. Lakini kwa miaka minne wewe umekuwa ukifungua karakana asubuhi, nami nikiingia mchana baada ya kupeleka oda Westlands, na mengi ya kuambiana tumeyaacha kwenye daftari la mlangoni. Kwenye simu mimi huishia kutoa amri na wewe huishia kusema "sawa, Mama Wahome" hata kama si sawa. Kwa hivyo nitakuandikia barua pepe, nawe unijibu vivyo hivyo.

Mji wenyewe uko juu ya kilima. Kutoka kituo cha basi unapanda ngazi za umeme zinazopita ndani ya ngome ya zamani, chini ya matao ya matofali, katikati ya nyumba ambazo watu waliziacha karne nyingi zilizopita. Halafu unatokea juu, kwenye barabara kuu, na barabara yote ni chokoleti. Vibanda vyeupe pande zote mbili. Kuna mtu anachonga sanamu kutoka kwa bonge la chokoleti kubwa kuliko friji yetu, na watu wamesimama chini wanagombania vipande vinavyoanguka. Watu wazima, na makoti ya heshima.

Baridi ni kali. Nimevaa sweta mbili ndani ya koti. Watayarishaji wa tamasha wamenipa msichana wa kunitafsiria, anaitwa Cate, nyumbani kwao ni Kinoo na anasoma chuo kikuu hapa. Nagawana kibanda na mama mmoja kutoka Ghana. Juu ya kibanda wameandika jina letu kwa herufi kubwa: Chokoleti ya Waithera, Nairobi.

Nina ombi. Hapa watu hawanunui kabla ya kuambiwa wanachokionja, na Jumapili nitasimama mbele ya watu kuielezea ile ya matunda damu. Niandikie ladha yake kwa maneno yako, kama unavyoandika kwenye daftari, tangu inapoingia mdomoni mpaka mwisho. Usiipunguze.

Wako,
Waithera


Uthiru
Jumamosi, 15 Novemba

Mama Wahome,

Nimefurahi kusikia umefika salama. Huku ni mvua. Jana stima ilipotea kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane, kwa hivyo mashine ya kusaga ilisimama na kakao ikabaki na chenga. Nimeirudisha leo, imekuwa laini. Lile duka la Westlands limeongeza oda ya Krismasi, na niliipeleka mwenyewe Alhamisi kwa sababu nilikuwa na shughuli yangu upande huo.

Umeuliza ile ya matunda damu. Ukiivunja, harufu inayotoka kwanza ni ya kakao peke yake, kama mkate ulioungua kidogo pembeni. Ukiiweka ulimini ngoja, usitafune. Uchungu unakuja polepole. Halafu tunda linaingia kutoka kando, na uchachu wake unatoa mate hapa chini ya masikio. Utamu huja ukiwa umeshausahau. Mwisho kabisa ni moshi, na huo moshi ndio ninaoupenda. Ni jikoni mwa nyanya yangu Awuor kule Ugenya, kuni zikiwa zimezimika na maziwa kwenye kibuyu bado yana joto. Nilikuwa na miaka saba, nilishikwa na malaria, akanilaza pale sakafuni karibu na mafiga siku nne. Nilipoamka nimepona, hiyo ndiyo harufu niliyoamka nayo.

Sijui kama hayo ya nyanya yatakusaidia. Umeniambia nisipunguze.

Na mimi nina swali. Uliondoka bila kusema kama fungu la Oktoba lilikuwa zuri. Ndilo ulilobeba kwenye sanduku, kwa hivyo nadhani lilikuwa sawa, lakini ningependa kujua.

Mungu akulinde huko.
Philister


Perugia
Jumatatu, 17 Novemba

Phili,

Jana ilienda vizuri. Walituweka kwenye ukumbi wa zamani wenye picha kwenye dari, kama watu themanini wamekaa. Nilieleza, Cate akatafsiri, wakaonja, wakapiga makofi. Baadaye sanduku nusu liliisha kabla ya saa kumi. Mwanamume mmoja mwenye maduka Torino amechukua kadi yangu na kusema atarudi kuzungumzia masanduku mia mbili.

Nimejuana pia na mama mmoja mzee, Bi. Ornella. Ukoo wao umetengeneza chokoleti hapa tangu babu yake. Ana miaka themanini na moja na hutembea vibanda vyote kila siku. Akichukua kipande hakili. Anakishika tu, anakinusa, anaangalia uso wa aliyekitengeneza. Alisimama mbele yangu kwa dakika nzima kisha akauliza, kupitia Cate, mimi nasikia nini pale mwisho wa chokoleti yangu. Nikamwambia moshi. Akatikisa kichwa akaenda.

Kuhusu fungu la Oktoba, wewe ndiwe uliyeamua lilikuwa tayari. Wewe waonaje?

Niandikie sasa na zile nyingine nne: ya kahawa, ya ufuta, ya makadamia, ya ukwaju. Alhamisi kuna meza kubwa ambapo watengenezaji wote wanaonja kazi za wenzao na kuzieleza. Nataka kujitayarisha. Ukiweza leo, leo.

Wako,
Waithera


Jamhuri
Jumanne, 18 Novemba

Mama Wahome,

Leo naandika nikiwa kwangu Jamhuri, sikwenda karakana. Nimefunga vizuri jana, usiwe na wasiwasi na mashine.

Jana jioni yule dada wa duka la Westlands alinipigia akasema nifungue Facebook, Mama Wahome anaonekana. Ni video ya Cate. Nilifurahi kwanza. Nilikuona na koti lako la kijani, nikaona picha za dari. Kisha nikasikiliza.

Ulisema mkate ulioungua pembeni. Ulisema mate chini ya masikio. Hayo sikuyajali, hiyo ni kazi, na kwenye kazi maneno yangu ni yako. Lakini ukaendelea. Ukasema, "Ni jikoni mwa nyanya yangu, nilipokuwa mgonjwa nikiwa na miaka saba." Ukasema siku nne. Ukanyamaza kidogo pale mahali ambapo mtu hunyamaza, na kuna mama aliyekaa mbele akapangusa macho.

Nyanya yako hakunilaza karibu na mafiga. Ni Awuor. Alikufa mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nane, na hakuna mtu Nairobi niliyewahi kumwambia habari zake isipokuwa wewe, Jumamosi, kwa sababu uliomba.

Kwa kuwa nimeanza, wacha nimalize. Tangu mwezi wa tatu hujaniambia hata mara moja kwamba kitu nilichotengeneza ni kizuri au kibaya. Nakuletea kijiko, unaonja, unaniangalia, unasema "wewe waonaje?" Kama mwalimu. Najua ulikuwa mwalimu, lakini mimi nina miaka thelathini na tatu. Nikisema ongeza chumvi, unaongeza. Nikisema bado, tunangoja. Hujui ni mara ngapi nimerudi nyumbani nikifikiri leo nimefeli. Na ile siku ya Juni uliponitangulia, nilipokuja asubuhi nikakukuta umekaa jikoni mwa karakana unapanga kalibu za kumiminia chokoleti, na gesi imejaa chumba kizima mpaka macho yananiwasha. Ulikuwa umekaa tu. Nilikimbia kufunga mtungi, nikafungua madirisha, nawe ukaniangalia bila kusema neno. Nikajua hata hiyo ulikuwa unanipima, uone nitachukua dakika ngapi.

Ile shughuli yangu ya Westlands ilikuwa mahojiano. Kuna hoteli inataka mtu wa chokoleti. Mkuu wa jikoni, Bwana Jeremy Muthama, alionja kazi yangu akasema hapo hapo, "Hii ni nzuri sana." Karibu nilie mbele yake. Wamenipa nafasi, naanza tarehe moja Desemba. Nilitaka kukuambia ukirudi, ana kwa ana. Sasa naona hakuna haja ya kungoja.

Zile ladha nne sitaziandika.

Philister Awuor


Perugia
Alhamisi, 20 Novemba

Phili,

Barua yako niliisoma jana asubuhi kwenye kibanda, na sikukujibu jana kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kujitetea. Leo nimefanya kitu kwanza, ndipo naandika.

Sikuwa nakupima. Hata siku moja.

Unakumbuka nilipougua Machi, ile homa iliyoniweka kitandani wiki mbili. Iliponiachia, pua ilikuwa imekufa. Sisikii harufu ya kitu chochote. Kahawa, sabuni, mvua, hakuna. Ulimini nimebakiwa na chumvi, sukari, uchungu na uchachu, basi. Chokoleti yetu kwangu ni kitu kitamu na kichungu kinachoyeyuka. Mei nilimwona daktari mmoja katikati ya mji. Akasema mishipa wakati mwingine hupona, wakati mwingine haiponi, ningoje.

Barua ya mwaliko wa huku ilikuja Aprili. Jina langu ndilo lililo kwenye karatasi ya chokoleti. Nikafikiri nikisema, watu watauliza nani sasa anaonja, na jibu lingekuwa wewe, na mimi ningekuwa mwenye nyumba tu ambaye karakana iko uani kwake. Sikutaka kuwa hivyo. Kwa hivyo nikakuletea swali badala ya jibu. "Wewe waonaje" halikuwa swali la mwalimu, Phili. Nilikuwa nauliza kwa sababu sijui.

Siku ya gesi sikusikia. Nilikuwa nimefika dakika arobaini kabla yako, na kiberiti kilikuwa mfukoni. Nilipokuona unakimbia ndipo nilipofahamu. Nilinyamaza kwa sababu ya woga, wala hata asante sikuweza kusema. Ningetuua sote wawili, na bado sikukuambia.

Kuhusu nyanya yako sina la kujitetea. Nilikuwa nimeyakariri maneno yako kibandani na kitandani kama mtoto wa shule, na nilipofika pale mahali, ningeweza kusema "nyanya ya mwenzangu". Ni neno moja tu. Niliona yule mama amenitazama, nikaliacha neno hilo.

Sasa ya leo. Meza ya watengenezaji ilikuwa saa tano, watu kumi na wawili, na wasikilizaji wengi wamesimama. Bi. Ornella ndiye aliyekuwa akipitisha sahani. Ilipofika zamu yangu aliniwekea vipande vinne visivyo na jina, na kimoja kilikuwa chetu. Nilipaswa kukitambua. Nilikitambua kwa vidole, kwa sababu najua kalibu zetu zina mkwaruzo chini. Ningeweza kukiinua na kumaliza. Nilikirudisha kwenye sahani, nikamwomba Cate atafsiri kila neno.

Nikasema, "Mimi sisikii harufu tangu Machi. Chokoleti yangu imeonjwa na Philister Awuor, yuko Nairobi. Yule nyanya niliyemtaja Jumapili ni wake. Si wangu."

Cate alinitazama, akauliza kwa Kikuyu kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo.

Hawakupiga makofi. Wengine walicheka kidogo, nadhani walifikiri ni mzaha uliotafsiriwa vibaya. Mtayarishaji alinishika mkono baadaye akasema vipindi vyangu viwili vilivyobaki amempa mtu mwingine. Yule wa Torino alipita kibandani bila kusimama. Bi. Ornella peke yake ndiye aliyekuja. Aliketi kwenye kiti cha mama wa Ghana, akala kipande chote cha matunda damu, wala hakuangalia uso wangu safari hii. Akauliza jina lako mara mbili ili aweze kulitamka.

Nisamehe ukiweza. Kazi ya hoteli usiiache kwa ajili ya barua hii.

Waithera


Uthiru
Jumamosi, 22 Novemba

Mama Wahome,

Nimekaa na barua yako siku mbili.

Jana niliirudia nikiwa karakana. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nikainama kukagua mtungi wa gesi. Hasira yangu kuhusu nyanya ilikuwa imepungua kidogo, na nyingine ikaja mahali pake. Nilikuwa naingia chumba hicho kila asubuhi nikiamini kuna watu wawili wanaoweza kusikia gesi. Tungekuwa tumekufa, na mama yangu angeambiwa ni ajali.

Halafu nikakumbuka mengine. Mara ile ulipoweka mdalasini badala ya iliki nikadhani ni ladha mpya unayoijaribu. Maziwa yaliyoungua uliyokunywa ofisini kwako ukasema ni sawa. Nilikuwa naona, nikatafsiri vibaya. Nilikuona mkali kumbe ulikuwa gizani. Hilo limeniuma, sitakuficha.

Nilimpigia Bwana Muthama kuomba wiki moja zaidi ya kufikiri. Amekataa. Anataka jibu Jumatatu kabla ya saa sita mchana.

Kwa hivyo nina maswali mawili na naomba uyajibu kama yalivyo, bila kunibembeleza.

La kwanza: kama nisingeiona ile video, ungeniambia?

La pili: pua yako ikirudi mwakani, mimi nitakuwa nani hapo karakana?

Philister


Perugia
Jumapili, 23 Novemba

Phili,

La kwanza: hapana. Nisingekuambia. Ningerudi na picha na zawadi, ningechukua zile ladha nne kutoka kwako, na tungeendelea hivyo hadi siku ambayo jambo lingejifichua lenyewe. Nimejaribu kulitafutia jibu bora kuliko hilo, sijalipata.

La pili limenichukua muda. Nilitembea barabara yote wakivunja vibanda. Leo ndiyo siku ya mwisho, wanauza vilivyobaki kwa bei ya kutupa na barabara ina utelezi wa chokoleti iliyokanyagwa. Nilijiuliza mimi mwenyewe nimekuwa nani tangu Machi. Kukaanga kakao bado naweza, kwa sababu hiyo naifanya kwa masikio na macho. Nasikia maganda yanapoanza kupasuka, naona rangi. Kupoesha naweza, vidole vinajua. Lakini kusema hii ndiyo, hii siyo, hiyo si kazi yangu tena, na kama pua itarudi sitaidai. Umeifanya miezi minane bila cheo na bila mtu wa kukuambia hongera, na hakuna mteja hata mmoja aliyerudisha sanduku.

Ukibaki, tutaandikishana kwa wakili nikirudi, nusu kwa nusu, na jina lako kwenye karatasi. Wahome nimemweleza leo kwa simu, yote, pua na mengine. Alinikasirikia kama wewe, kisha akasema ni sawa.

Usipobaki, nimekuambatishia barua ya pili. Ni ya Bwana Jeremy Muthama. Nimemwandikia kwamba chokoleti yote iliyotoka kwetu tangu Machi, na hii iliyokuja Italia, ladha zake ziliamuliwa na wewe peke yako, na kwa nini ikawa hivyo. Nimetia sahihi. Ukimpa, hatakuwekea mshahara wa mtu wa kusaidia. Najua Westlands habari husambaa, na kufika jioni kila mnunuzi wetu atakuwa ameisikia. Ipeleke tu.

Nafika Jumanne saa moja asubuhi.

Waithera


Uthiru
Jumatatu, 24 Novemba

Mama Wahome,

Barua ya Bwana Muthama niliichapisha asubuhi pale saiba, duka la intaneti karibu na steji ya matatu, nikaenda nayo Westlands. Nilitaka kuona ningefanya nini nikifika.

Bwana Muthama alinikaribisha hadi jikoni. Ni kubwa, safi, kila kitu kinang'aa. Nikamwomba anionyeshe mahali pangu. Akafungua kabati: masanduku ya chokoleti iliyotengenezwa tayari, ya kutoka ng'ambo, vipande vidogo kama vifungo. Kazi yangu ingekuwa kuiyeyusha na kuipamba. Nikauliza kakao yenyewe hukaangwa wapi. Akacheka kwa upole, akasema, "Philister, hoteli hazikaangi kakao." Ni mtu mzuri. Nikamshukuru, nikamwambia sitakuja. Barua yako haikutoka kwenye mkoba.

Sijabaki kwa sababu ya kukuhurumia, na bado kuna siku nitakukasirikia, uvumilie. Nimebaki kwa sababu nataka kukaanga, kusaga na kuamua, na mahali pa kufanya hayo yote ni hapa. Kwa wakili twende kabla ya wiki kuisha. Na kabla ya hapo, twende kwa daktari wa pua, nimeuliza, kuna mmoja upande wa Ngong Road. Kifaa kinacholia gesi ikivuja nimekinunua leo, kiko ukutani juu ya mtungi.

Siku nyingine ukitaka kusema habari za Awuor, sema. Mtaje tu jina.

Nilirudi saa nane nikafungua lile fungu nililoanza Ijumaa, chokoleti ya ukwaju na chumvi kidogo ya Ziwa Magadi. Nakuandikia ili uijue kabla hujafika. Inavunjika kwa mlio mkali, huo utausikia mwenyewe. Harufu ni ya udongo wa shamba asubuhi. Mdomoni chumvi ndiyo inayotangulia, nyembamba, halafu ukwaju unakuja kwa nguvu kiasi kwamba unafumba jicho moja. Kakao inangoja hadi ukwaju umalize. Ikija, inakaa muda mrefu.

Nimeonja mara tatu. Ni nzuri. Nimeifunga masanduku ishirini na kuyapeleka dukani bila kumngoja mtu.

Philister